Namna ya kupata Rolex adimu kwa bei ya dukani: mwongozo kamili wa wauzaji rasmi na mgao wao

Ukiingia leo kwenye duka rasmi la Rolex, iwe Geneva, London au Dubai, utakuta kabati za vioo zina saa. Submariner ipo, GMT-Master II ipo, pengine hata Daytona ya chuma ipo, ila kando yake kuna kikaratasi kinachosema saa hiyo ni ya maonyesho tu. Fedha unazo, bei imeandikwa wazi kwenye tovuti ya kampuni, na bado huuziwi. Wengi hutoka hapo na mojawapo ya mawazo mawili. Wapo wanaoamini kuna foleni ndefu na zamu yao itafika. Wengine huamini kwamba ni lazima kwanza "wachangie" duka kwa kununua vitu wasivyovitaka. Yote mawili yamewagharimu watu fedha na miaka.

Hapa naeleza jinsi saa hizi zinavyogawiwa, na jinsi mtu mwenye akiba yake ya halali anavyoweza kuipata anayoitaka bila kulipa zaidi ya bei iliyotangazwa. Nitaizungumzia zaidi Rolex kwa sababu ndiyo inayotafutwa na wengi, lakini nitagusa Patek Philippe na Audemars Piguet, kampuni nyingine mbili za saa za Uswisi, pale zinapotofautiana.

Anza kwa kujua saa iko mikononi mwa nani

Rolex hutengeneza saa zake Uswisi, mitambo mjini Bienne na kazi nyingine Geneva, kisha huziuza kwa bei ya jumla kwa wafanyabiashara iliowaidhinisha. Hao ndio wanaokuuzia wewe. Hata duka lenye jina la Rolex peke yake juu ya mlango mara nyingi ni mali ya mfanyabiashara wa eneo hilo, mara nyingine wa familia iliyouza saa kwa vizazi. Kampuni humpa masharti kuhusu mwonekano wa duka, mafunzo ya wafanyakazi, bei na aina ya wateja, na akiyavunja inaweza kumnyang'anya idhini. Kwa duka lililozoea kuiuza Rolex, kunyang'anywa idhini ni kufa. Mengi utakayokutana nayo dukani yanatokana na hofu hiyo.

Utaratibu huu umeanza kuyumba kidogo. Agosti 2023 Rolex ilitangaza kuinunua Bucherer, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa Lucerne mwaka 1888, yenye maduka zaidi ya 100 ambayo 53 kati yake yalikuwa yakiuza Rolex. Habari ilipotoka, hisa za Watches of Switzerland Group, muuzaji mkubwa wa Rolex nchini Uingereza, zilishuka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, maana wawekezaji waliogopa kwamba mtengenezaji ameanza kuwazunguka wauzaji wake. Hata hivyo, kwa mnunuzi mambo hayajabadilika sana, na kwa sehemu kubwa ya dunia bado utashughulika na mfanyabiashara binafsi.

Kuhusu uhaba wenyewe, usidhani Rolex ni kampuni ndogo. Haitangazi idadi ya saa inazotengeneza, lakini wachambuzi wa sekta hukadiria zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Gawanya hizo kwa aina zote, kwa saizi, kwa rangi za uso, kwa nchi, kisha kwa maduka, na utaona kwa nini duka moja linaweza kupokea Daytona za chuma chache tu kwa mwaka mzima huku watu mia kadhaa wamezitaja. Mwaka 2021 kampuni ilisema hadharani kwamba uhaba si mkakati wake, bali haiwezi kuongeza uzalishaji haraka bila kushusha ubora. Inajenga kiwanda kikubwa Bulle, kwa takriban faranga bilioni 1 za Uswisi, kinachotarajiwa kufunguliwa 2029. Mimi nayaamini maelezo hayo kwa kiasi. Ni kweli kwamba mafundi hawapatikani kwa usiku mmoja. Lakini pia Rolex inamilikiwa na mfuko wa hisani alioanzisha mwanzilishi wake, Hans Wilsdorf, haina wanahisa wa soko wanaodai faida ya haraka, na kampuni ya namna hiyo ina uwezo wa kumwacha mteja asubiri.

Sasa jambo lenye uzito kuliko yote: muuzaji rasmi haagizi saa kama unavyoagiza bidhaa kwenye katalogi. Mzigo humfikia ukiwa mchanganyiko, na mara nyingi hajui kilichomo mpaka kifike. Mzigo ukifika, meneja na wafanyakazi wake wanakaa na orodha ya majina wanaamua nani apigiwe simu. Huo ni mgao, na wanaougawa ni watu. Waliokuwa watu wazima Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka duka la kaya wakati wa uhaba wa sukari: daftari lilikuwepo, zamu ilikuwepo, lakini mwenye duka ndiye aliyejua kilichobaki chini ya meza na nani atakirithi. Orodha ya saa hufanya kazi vivyo hivyo. Jina lililoandikwa miaka 3 iliyopita halina haki juu ya jina lililoandikwa mwezi jana.

Meneja huyo hujiuliza nini? Kwanza, je, huyu ataivaa au ataiuza wiki ijayo? Bei ya soko la pembeni, yaani nje ya maduka rasmi, ikizidi ya dukani, walanguzi hujaa, na saa ikionekana mtandaoni siku chache baada ya kuuzwa, namba yake ya mfululizo inairudisha kampuni mpaka kwenye duka lililoiuza. Pili, je, ni mteja wetu? Anaishi hapa, ataleta saa yake kufanyiwa huduma, ataleta na watoto wake? Tatu, amewahi kununua nini? Nne, ambalo watu hulidharau: je, kuna mfanyakazi anayemkumbuka kwa jina na kumtetea kikao cha mgao kikifika?

Patek Philippe ni kali zaidi. Kwa saa zake zenye mitambo tata kabisa, kama zile zinazogonga dakika kwa kengele, mteja hujaza maombi yanayopelekwa Geneva na uamuzi hutolewa huko. Utaona kwa nini wanajihadhari ukikumbuka saa yao ya Nautilus 5711. Ilipotangazwa mwanzoni mwa 2021 kwamba uzalishaji wake unakoma, bei yake rasmi Marekani ilikuwa karibu dola 35,000 na sokoni ilipita 100,000. Julai mwaka huohuo moja yenye uso wa kijani, bado imefungwa kwa plastiki ya kiwandani, iliuzwa mnadani Monaco kwa euro 416,000. Audemars Piguet nayo imeacha kwa kiasi kikubwa kuuza kupitia maduka ya watu na inauza kwenye maduka yake na nyumba zake za kukaribishia wateja, kwa hiyo ukitaka saa yake maarufu, Royal Oak, unaongea na kampuni yenyewe na historia yako iko kwenye kompyuta moja.

Amua saa moja, kisha pima bei yake sokoni

Kabla hujakanyaga duka, kaa na swali hili: saa gani, madini gani, uso wa rangi gani, na kwa nini. "Rolex yoyote" ni jibu baya, kwa sababu muuzaji husikia mtu anayetafuta faida. Lakini pia usiwe na jina moja tu usiloweza kulibadilisha. Chagua moja unayoitaka hasa, na nyingine ambayo ukipigiwa simu kesho utaenda kuichukua kwa furaha.

Ugumu wa kuzipata haufanani. Daytona ya chuma, iliyotangazwa upya 2023 kwa dola 15,100 Marekani, ndiyo ngumu kuliko zote za chuma. GMT-Master II zenye pete ya rangi mbili kuzunguka uso zinafuata. Submariner inapatikana kwa uvumilivu. Explorer ya milimita 36, Datejust na Oyster Perpetual za nyuso za kawaida zinapatikana mapema zaidi, na zile za chuma kilichochanganywa na dhahabu mara nyingi huzikuta zipo.

Kisha fungua masoko ya saa zilizotumika na ulinganishe. Bei za pembeni zilifika kileleni mwanzoni mwa 2022, Daytona ya chuma ikapita dola 40,000, halafu zikashuka kwa muda mrefu. Leo kuna Rolex kadhaa, hasa za dhahabu na za mchanganyiko, zinazopatikana kwenye soko la pili chini ya bei ya dukani. Kama saa yako imo humo, mjadala wa mgao haukuhusu. Unaweza kununua mpya dukani bila kubembeleza, au iliyotumika kwa bei nafuu. Nimeona watu wakisubiri kwa unyonge saa ambayo mtaa wa pili ilikuwa rahisi kuliko kule walikosubiri.

Chagua duka unaloweza kurudi

Tovuti ya kampuni ina ramani ya wauzaji wote rasmi. Anza hapo, si kwenye matangazo. Duka lisilomo kwenye ramani si rasmi hata kama lina nembo ya taji mlangoni.

Duka bora kwako ni lile lililo katika mji unaoishi au unaofika mara kwa mara kwa shughuli zako. Ndugu zetu walioko Dubai wanaijua Ahmed Seddiqi, familia inayouza saa tangu 1950; walioko Muscat wanaijua Khimji's, muuzaji rasmi wa Rolex Oman. Oman ina historia yake nzuri na saa hizi: Sultan Qaboos aliagiza Rolex zenye nembo ya khanjari usoni, nyingine kupitia duka la Asprey la London, akawazawadia watu, na leo wakusanyaji wanazitafuta kwa udi na uvumba. Kama unaishi Ghuba kwa kibali cha kazi, wewe ni mkazi, na ukazi huo ni mtaji. Uonyeshe.

Ukiwa mgeni wa siku tatu Geneva au Paris, sema ukweli kuwa unapita, na tarajia kupewa kilichopo tu. Maduka mengi huweka saa ngumu kupatikana kwa ajili ya wakazi wa eneo lao, kwa sababu mgeni akiuza hawana namna ya kumfuatilia. Hilo si jambo la rangi ya ngozi wala pasipoti, ingawa najua linavyouma unapokataliwa mbele ya watu. Mkazi wa Zürich akiingia duka la Milano hupewa jibu lilelile.

Watu husafiri pia kwa ajili ya kodi, kwa hiyo hesabu kabla ya kukata tiketi. Ufaransa kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 20, Ujerumani 19, Uswisi 8.1 tangu 2024, Falme za Kiarabu na Oman 5. Mgeni anaweza kurudishiwa sehemu yake akiondoka Ulaya, lakini England, Scotland na Wales zilifuta marejesho ya wageni tangu Januari 2021, na bado nakutana na watu wasiojua. Ukifika nyumbani, saa mpya ya thamani hiyo inatakiwa kutamkwa forodhani. Weka ushuru huo ndani ya hesabu tangu mwanzo, na risiti iwe mkononi. Saa iliyopitishwa kimya kimya itakusumbua siku ya kuikatia bima.

Usitawanye jina lako kwenye maduka kumi. Mawili yanatosha, yaliyo karibu na maisha yako.

Siku ya kwanza dukani

Nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi, wakati duka halina watu. Vaa vizuri kama unavyovaa siku zote. Kama una saa, ivae hata kama ni Seiko au Casio, kwa maana mfanyakazi anayependa saa ataanza mazungumzo kutoka hapo. Omba kuzungumza na mtu mmoja, jua jina lake, mwachie lako.

Usianze na "mna Daytona?" Swali hilo wanalisikia kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga, na jibu lake ni fupi. Eleza unatafuta nini na kwa nini, kwa ufupi na kwa ukweli. Kwa mfano: natafuta Explorer ya milimita 36, mkono wangu ni mwembamba, nataka saa moja ya kuvaa kazini na msikitini, na Desemba natimiza miaka 40. Hapo muuzaji ana kitu cha kuandika. Tarehe ya harusi, mahafali ya mtoto, kustaafu kwa mzee, hivi humsaidia mtu anayekutetea kwenye kikao cha mgao. Usitunge. Harusi ya uongo itakusuta siku atakapokuuliza picha zake.

Omba kujaribisha saa za maonyesho, ndiyo kazi yake. Utajua kama milimita 41 inakufaa au inakupwaya, na watu wengi hubadilisha chaguo lao hapohapo. Kabla ya kuondoka, omba jina lako liandikwe kama mtu mwenye nia, pamoja na simu, barua pepe, na saa zote mbili ulizochagua. Kisha uliza maswali matatu bila kuzunguka: mnapokea aina hii mara kwa mara au kwa nadra? Wateja wapya hupewa? Na mnataka nikumbushe kwa njia gani?

Ukiambiwa "wateja wapya hawapewi aina hiyo," mshukuru. Amekuokolea miaka miwili. Ama ubadilishe saa, ama ubadilishe duka.

Mtego wa "historia ya manunuzi"

Hapa ndipo fedha za watu hupotea, kwa hiyo nitakaa.

Ni kweli kwamba mteja aliyenunua mengi hupewa kipaumbele. Muuzaji hupata faida kwenye vito, pete za ndoa na saa za kampuni nyingine, na anapokuwa na Daytona moja na wateja ishirini, aliyemletea biashara miaka 10 anakumbukwa. Sioni ubaya hapo. Mwenye duka yeyote Kariakoo au Mombasa angefanya hivyo kwa mteja wake wa siku nyingi. Ubaya unaanza pale mtu anaposhawishiwa, kwa kauli au kwa kukonyezwa, anunue mkufu asioutaka ili "faili lake likae sawa".

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme saa unayoitaka ni dola 15,000 dukani na 25,000 kwa muuzaji wa pembeni. Unashawishika kununua vito vya dola 12,000. Siku utakapotaka kuviuza, tuseme unapata 4,000, kwa sababu vito vya dukani vikishatoka mlangoni hushuka vibaya. Umepoteza 8,000. Ongeza kwenye 15,000, saa yako imekugharimu 23,000, na umesubiri, na hakuna aliyekuandikia kwamba utaipata. Tofauti na soko la pembeni imebaki dola 2,000, na huko ungeichukua leo. Duka likikutaka ununue vito vya 20,000, umeshapoteza hata kabla simu haijaita.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sina msamaha nayo: nunua dukani kile ambacho ungekinunua hata kama Rolex isingekuwepo duniani. Kama unaoa na unahitaji pete, inunue hapo, ni jambo la busara. Kama mkeo ametamani saa ya Cartier kwa miaka, hapo ndipo pa kuinunua. Kama unahitaji saa ya kila siku na Tudor Black Bay imekukaa moyoni, ichukue. Tudor ilianzishwa na Wilsdorf huyohuyo mwaka 1926, na ni saa nzuri kwa haki yake. Manunuzi hayo yatahesabika. Lakini yakifanywa kama kiingilio, yatakuacha na sanduku la vitu na kinyongo.

Ahadi za mdomo zipime kwa tahadhari. "Ukichukua hii, ile itakuja mapema" ni maneno yasiyoandikwa popote, na mfanyakazi aliyeyasema anaweza kuhamia duka lingine kabla ya Krismasi. Ukiombwa "asante" ya pembeni ili jina lisogee, ondoka. Kwa duka rasmi hilo ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi, na wewe utakuwa umelipa bila risiti na bila mahali pa kulalamika. Vilevile wapo matapeli mtandaoni wanaouza "nafasi kwenye orodha". Hakuna nafasi inayouzika, kwa sababu hakuna orodha ya namna hiyo.

Kusubiri

Mkumbushe mtu wako kila baada ya miezi miwili mitatu, kwa ujumbe mfupi au kwa kupita ukiwa njiani. Ukipita, salimia, uliza kuhusu saa mpya zilizotoka, ondoka. Kumpigia simu kila wiki kunakuondoa kwenye orodha haraka kuliko kukaa kimya. Saa yako ikihitaji betri au mkanda, peleka hapo.

Kaa na fedha tayari. Simu ikija, maduka mengi hukupa siku chache tu kufika, na ukisema unasubiri mshahara, saa inaenda kwa anayefuata. Ukipigiwa kwa aina uliyoiweka ya pili, amua kwa moyo mmoja. Kukataa mara moja kwa heshima hakukuharibii, ila ukikubali ile ambayo wengine hawaikimbilii, unakuwa tayari mteja aliyevaa saa ya duka lile, na safari ijayo huanzii chini.

Siku ya kuichukua

Nenda na kitambulisho. Uliza mapema namna ya kulipa, kwa kuwa nchi nyingine zina mipaka ya fedha taslimu: Ufaransa mkazi haruhusiwi kulipa zaidi ya euro 1,000 taslimu dukani, na mgeni asiye mkazi ana kikomo chake kilicho juu zaidi. Uhamisho wa benki kutoka Afrika Mashariki unaweza kuchukua siku, basi usiungoje mpaka asubuhi ileile.

Ukiwa dukani, fanya haya kabla ya kutia sahihi. Soma namba ya mfululizo iliyochongwa kwenye pete ya ndani chini ya kioo na uilinganishe na kadi ya dhamana ya kijani, na risiti pia. Hakikisha kadi imesajiliwa na ina tarehe ya siku hiyo, kwa maana dhamana ya miaka 5, ambayo Rolex inaitoa tangu 2015, huanzia hapo. Mkanda ukipunguzwa kwa kipimo cha mkono wako, chukua vipande vilivyotolewa. Weka saa sawa na saa ya simu, maana Rolex huahidi isichelewe wala kukimbia zaidi ya sekunde 2 kwa siku, na wiki ijayo utaweza kuikagua.

Usishangae plastiki za kinga zikibanduliwa mbele yako, au ukiombwa utie sahihi ahadi ya kutoiuza kwa muda fulani. Maduka mengine hubaki na kadi ya dhamana kwa miezi kadhaa. Hili la mwisho mimi silipendi, kwa sababu kadi ni ya mwenye saa. Uliza tangu mwanzo, na ukilikubali, upate maandishi yenye tarehe ya kurudishiwa.

Kama mgao umegoma

Kuna njia mbili za heshima. Ya kwanza ni mpango wa Rolex wa saa zilizotumika na kuthibitishwa, ulioanza Desemba 2022 kupitia Bucherer kisha ukaenea kwa wauzaji rasmi wengine. Saa hukaguliwa na kampuni na kupewa dhamana ya miaka 2. Bei huwa juu kuliko mtaani, lakini unanunua uhakika, na kwa anayenunua mara moja maishani naona tofauti hiyo inafaa. Mbele ya muuzaji ununuzi huo pia unaonekana.

Ya pili ni muuzaji huru mwenye duka, anwani na miaka ya kazi. Hapo lipa tofauti ya bei ukijua unacholipia, ambacho ni muda. Dai kadi halisi, risiti, na haki ya kuipeleka saa kwa fundi wa kituo rasmi kabla fedha haijakamilika. Nakala za kughushi za siku hizi zina uzito, mlio na hata mtambo unaofanana, na picha za WhatsApp hazitoshi kuzitambua.

Usimtumie fedha mtu wa mtandaoni anayeuza "Rolex mpya kutoka duka rasmi, tunasafirisha". Tovuti ya Rolex haikuuzii saa, na kwa miaka mingi kampuni haikuwaruhusu wauzaji wake kuuza kwa intaneti. Desemba 2023 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliitoza Rolex France faini ya euro milioni 91.6 kwa katazo hilo la kuanzia 2011 hadi 2022. Biashara hii bado ni ya uso kwa uso.

Baada ya kuipata

Ivae. Mtumie aliyekuuzia picha ukiwa nayo kwenye tukio ulilomtajia. Wauzaji hupata picha hizo mara chache na huzionyesha kwa meneja. Weka kadi ya dhamana mbali na saa, piga picha namba ya mfululizo, ikatie bima kabla ya safari.

Maisha yakibadilika ukalazimika kuiuza, nenda kwanza kwa duka lililokuuzia na ueleze hali yako. Mara nyingi watakununulia wao wenyewe. Bei yao itakuwa chini kuliko ya mlanguzi, lakini jina lako litabaki safi pale, na mtu aliyeuza kwa sababu ya ada ya shule au matibabu hawamhesabu pamoja na walanguzi. Kuhusu saa ya pili, acha angalau miezi kadhaa ipite ndipo uitaje, na itaje kwa mfanyakazi yuleyule.